Amplifaya ya valvu inavuma, nimeongeza kapasita sasa rektifaya inapiga cheche, naombeni msaada

Mjukuu_Kibosho: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Babu kaniachia amplifaya aliyokuwa anapigia santuri, ina valvu mbili za EL84 za kutoa sauti, rektifaya (valvu ya kugeuza AC kuwa DC) EZ81, transfoma inatoa volti 250-0-250. Nimeshuka nayo Moshi mjini, ikawa inavuma mmmm hata ukifunga volyumu, nikaona kapasita za pawa zimevimba nikatoa ya kwanza ya maikrofaradi 50 nikaweka 220 nikijua kubwa ndo itaua mvumo. Umepungua kweli ila jana nimewasha nikaona cheche ndani ya EZ81, nikachomoa. Sitaki kuua kitu cha babu jamani. Nitoe valvu nifunge daiodi tu?

Fundi_Ngarenaro: Usiwashe tena mkuu. EZ81 mwisho wake kapasita ya kwanza ni 50. Ukiweka 220 inavuta mkondo kwa mikupuo mikali kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) haihimili, ndo hizo cheche. Rudisha 47 ya volti 450, baada yake weka koili ya henri 10 inayobeba zaidi ya miliampia 100, halafu ndo ufunge kapasita ya pili ya 100. Mvumo wa Hz 100 hapo unashuka karibu mara 390 na valvu haisumbuki.

Sakina_Redio: Daiodi hapana. 250 mara 1.414 ni volti 353, na zinafika kabla EL84 hazijapata moto. EL84 kwenye anodi mwisho 300!

Mjukuu_Kibosho: Asanteni sana. Koili ntaitoa wapi?

Fundi_Ngarenaro: Mpe anayesuka transfoma, ila msisitizie mabati yenye umbo la E yakae upande mmoja na ya I upande mwingine, katikati karatasi. Wengi wanayapishanisha kama transfoma ya kawaida, ikipita DC chuma kinashiba sumaku na henri zinapotea zote.

Sakina_Redio: Kabla ya kugusa chochote mdogo wangu, kapasita zinakaa na volti 300 hata ukishachomoa. Funga rezista ya kilo-om 220 wati 2 pale moja kwa moja, subiri dakika tano, pima na multimita. Ukishamaliza na bado inavuma, zima, chomoa ECC83 (valvu ndogo ya mbele inayokuza sauti kwanza) uwashe tena, mvumo ukipotea basi unatokea mbele, angalia waya za hita za 6.3 kama zimesokotwa.

Mjukuu_Kibosho: 47 nimeshaipata, koili nampelekea msukaji Jumatatu. EZ81 nimeitoa nimeizungushia pamba.