Mrejesho: pleti ya S355 ya mm 10 badala ya S275 ya mm 12

Wakuu, asanteni sana. Swali langu hapa lilikuwa kama sakafu ya jukwaa la mashine inaweza kuwekwa pleti ya chuma cha daraja la S355 ya mm 10 badala ya daraja la S275 ya mm 12, ili kupunguza uzito.

Uzito umeshuka kweli, kutoka kilo 94 hadi 78.5 kwa mita ya mraba. Pleti haijapinda, ila ilikuwa inabonyea mtu akipita katikati. Aliyeonya hapa kuhusu kubonyea alikuwa sahihi kabisa: S355 huvumilia mkazo wa megapaskali 355 kabla ya kupinda bila kurudi, lakini ukakamavu wake ni uleule wa S275, kama gigapaskali 210. Na kwa kuwa kubonyea hupungua kwa kipeo cha tatu cha unene, mm 10 hubonyea kama mara 1.7 ya mm 12. Flatibaa (ukanda bapa wa chuma) ya mm 50×6 iliyochomelewa chini, katikati ya kila nafasi kati ya mihimili, imemaliza tatizo.

Jamani, linganisheni namba iliyogongwa kwenye pleti na cheti cha kiwandani! Pleti moja ilikuwa na "355" ya chaki tu, inafutika kwa kidole. Imerudishwa.

Rodi za kuchomelea za 7018 zilikaushwa kwenye oveni kwa muda wa saa moja kwa nyuzi 350, kuondoa unyevu unaoweza kuleta ufa. Hakuna ufa ulioonekana.