Mama (71) anaogopa kutembea tangu aanguke, mazoezi gani ya balansi yatamfaa?

mwana_mkonge: Wakuu habari za jioni. Mama yangu yuko Tanga, mwezi wa pili aliteleza kwenye simenti akitoka bafuni, nashukuru Mungu hakuvunjika ila kiwiko kilivimba wiki mbili. Sasa shida sio kiwiko tena, shida ni uoga. Ndani anatembea anapapasa ukuta kama anatafuta swichi, sala anasalia kwenye kiti, sokoni ndo kabisa haendi. Mdogo wangu akawa anamzungusha mtaani kila asubuhi nusu saa, mwezi mzima, lakini bado akigeuka ghafla anayumba. Tunakosea wapi? Gym msiniambie, atanicheka.

MzeeKijiti: Supu ya kongoro kila siku, magoti yatakaza yenyewe.

fizio_wa_mtaa: Supu anywe ila haitamfundisha mguu kusimama 😂. Dada, kutembea njia tambarare ni kuzuri kwa moyo na pumzi, ila balansi haiongezeki kwa kufanya kitu ambacho mwili unakiweza tayari. Inabidi ayumbe kidogo, pahali ambapo hataanguka. Mpeleke jikoni asimame mbele ya sinki, mikono juu ya sinki, miguu pamoja. Akizoea, kisigino cha mguu wa mbele kiguse vidole vya mguu wa nyuma kama anatembea juu ya kamba. Akizoea hapo, mguu mmoja. Mikono nayo inapungua taratibu, kiganja, vidole viwili, kidole kimoja. Wewe simama nyuma yake ila usimshike, ukimshika balansi unaifanya wewe. Halafu ainuke kwenye kiti bila kusukuma kwa mikono, mara kumi, akishindwa weka mto mgumu kiti kiwe juu zaidi. WHO wanasema kuanzia miaka 65 mazoezi ya balansi na nguvu yawe siku 3 au zaidi kwa wiki. Na asijione mzee sana, kuna utafiti wa New Zealand ulitoka 1997, wanawake 233 wa miaka 80 kwenda juu, waliofundishwa mazoezi ya namna hii majumbani kwao walianguka mara chache kuliko wenzao.

Mamaake Pili: Kabla ya yote anakunywa dawa gani? Bibi yetu alikuwa anaanguka usiku akienda chooni tukasema uchawi, kumbe dawa za presha, akisimama ghafla presha inashuka anaona giza. Akaambiwa aamke akae kwanza kitandani, achezeshe miguu, ndo asimame. Na macho apimwe pia, mtoto wa jicho unaangusha watu wengi. Alafu anavaa nini bafuni??

mwana_mkonge: Aisee hapo kwenye kuvaa. Kandambili zake nimeziangalia leo, ya kulia soli imelika imekuwa kama karatasi. Dawa za presha anatumia ndio, J3 tunarudi kliniki kuuliza.

Mamaake Pili: Tupa hizo kandambili leo leo. Na usimwambie "mazoezi", wazee wetu neno hilo ni la wanajeshi. Mwambie chai ikiwa inachemka asimame mguu mmoja mpaka ichemke.

fizio_wa_mtaa: Nakazia. Na lengo lake liwe kurudi kusali chini. Kuinuka kutoka kwenye sijida ni kazi kubwa ya mapaja na balansi, asiikimbilie, ila ndio kipimo chenu.

mwana_mkonge: Mrejesho, wiki ya sita. Kliniki wamembadilishia muda wa kunywa dawa moja. Kiti anainuka mara nane bila mikono, ya tisa anatukana. Mguu wa kushoto anasimama tukihesabu mpaka saba ndo anashika sinki, wa kulia tatu tu, tena jana chai ilimwagika jikoni akasema ni kosa la yule mwanamke wa kwenye simu, yaani wewe Mamaake Pili. Sala bado anasalia kwenye kiti, ila juzi nimemkuta ameshautandika mswala chini, kiti kakiweka pembeni yake.