Bandugu munisaidie, ni 492 ao 834?
Jambo bandugu, niko Goma hapa Katindo. Mutoto wa kaka yangu alileta kitendawili cha namba: iko na shifre tatu, zote tofauti, ukizijumlisha inatoka 15, ya kwanza ni mara mbili ya mwisho, na namba yote inagawanyika kwa 4 bila kubakisha. Mimi nikapata 492, 663 na 834, ile 663 nikatupa juu 6 inarudia. Sasa mutoto ananiambia eti papa mudogo angalia tu mbili za mwisho, 92 inagawanyika, 34 hapana, basi ni 492. Iyo njia inaendaka kwa kila namba ao ni bahati tu? Na juu ya nini? Munielezee pole pole, njo mimi nilijisifu najua hesabu 😅