Kundi la ukoo: likizo ya Disemba, nyumba ya Mkomani

JUMATANO

19:02 Mwanaisha: Asalaam aleikum jamaa. Nyumba ya Lamu imepatikana. Mkomani, orofa 3, vyumba vya kulala 5, juu dari ya makuti na jiko. Tunapika wenyewe, hakuna mpishi. Elfu 38 kwa usiku, nyumba nzima, siku 4. Nusu yatakiwa kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Nusu ni elfu 76, sisi nyumba 8, kwa hivyo 9,500 kila nyumba. M-Pesa kwangu.

19:03 Mwanaisha: 📷 Picha 6

19:48 Mwanaisha: Naona mumesoma. Kwani vidole vimekatika?

19:55 Kassim Malindi: Maashallah. Lakini vyumba mbona vyembamba hivyo? Godoro zitaingiaje?

20:01 Shee Fundi: Kassim umekaa sana Malindi. Dari inabebwa na boriti za mkoko, na boriti haipiti kama mita 3. Chumba waweza kukirefusha utakavyo, upana ndio huo. Godoro zipangwe kwa urefu wa chumba, watoto wanalala 6 bila shida.

20:03 Shee Fundi: Na kazi ya hapo ni nzuri, nimeiona. Chokaa tupu, hakuna saruji. Saruji ukiipaka juu ya mawe ya matumbawe unafungia unyevu na chumvi ndani, miaka michache ukuta wamenyuka kama ngozi.

20:04 Mwanaisha: Ahsante Shee. Sasa chakula. Samaki tunanunua asubuhi sokoni pale ngomeni, mkate wa mofa tunanunua, mengine tunapika. Gesi iko mtungi mmoja. Mchele natoka nao Mombasa. Nani analeta sufuria ya pilau?

20:10 Shangazi Fatma: Mimi. Na seredani yangu, mbuzi ya nazi, kinu, sinia 3 na ile sufuria ya harusi ya Mwanaisha. Jiko la wenyewe siliamini. Na maji ya kupikia je?

20:12 Shee Fundi: Ya bomba, yale ya vilima vya mchanga vya Shela. Ya kisimani yana chumvi, hayo ya kuoshea vyombo.

20:13 Kassim Malindi: Shangazi hiyo mizigo kutoka jeti mpaka Mkomani ni punda 4, na wa 5 akuchukue wewe 😂

20:14 Shangazi Fatma: Mwana kisirani.

20:15 Kassim Malindi: Tumpe Ami Omar awe nahodha wa punda. Ana uzoefu.

20:15 Twahir: 😂😂😂😂

20:16 Twahir: Ile Maulidi!! Punda alifika mwisho wa mbio, Ami hakufika

20:17 Kassim Malindi: Na kanzu ilifika kabla yake

20:18 Mwanaisha: Jamani. IJUMAA. SAA KUMI. Nisiwe natukana.

20:31 Ami Omar: (Imetumwa mara nyingi) Dua ya msafiri. Wasambazie watu 10 wapate kheri.

21:06 Shangazi Fatma: Nimevaa miwani sasa. Picha ya nne, hicho chumba chenye madirisha mawili pande mbili, chini yake panapita watu. Shee, hilo si wikio letu?

21:20 Shee Fundi: Ndilo.

21:22 Shangazi Fatma: Mwanaisha ulijua?

21:25 Mwanaisha: Nilijua nyumba ni ya mtaa wetu. Ni ya upande wa jirani, si kwetu. Tangazo limeandika "chumba cha kusomea". Shangazi, nilitafuta wiki nzima nyumba ya kutosha watu wote na bei hii.

21:27 Shangazi Fatma: Cha kusomea! Pale palikuwa pa wanawake kuvuka. Binti alijengewa nyumba ng'ambo ya njia, kuelekea ya mama yake, na wikio likawekwa juu ili watembeleane bila kuonekana na mtu. Nyumba yetu ikauzwa, sawa, kila mtu aliona. Wikio liliuzwa kando, kabla. Hilo ndilo sikuelezwa mpaka leo.

21:28 Kassim Malindi: Salaala

21:41 Twahir: Kwani mlango wa upande wetu upo bado?

21:44 Shee Fundi: Umezibwa. Lakini ukisimama mle ndani ukagonga ukuta karibu na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mahali pamoja pana mlio mwingine, si wa jiwe. Na juu ya chokaa kuna mstari kama uzi, unashuka wima. Ndio ubavu wa mlango.

21:45 Kassim Malindi: Tutaufungua usiku. Shee lete tindo

21:47 Shee Fundi: Wee! Mji mkongwe huu uko UNESCO tangu 2001. Ukigusa ukuta watu wa makumbusho washajua kabla vumbi halijatua.

22:30 Ami Omar: Mimi nipo na nasoma. Mwaka wa El Nino dari lilivuja mpaka godoro la mama. Nilipiga simu Mombasa, Malindi, Jeddah. Pesa ya chokaa na boriti. Muulizane nani alituma. Wikio ndilo lililolipa dari. Usiku mwema.

22:31 Twahir: 👀

ALHAMISI

07:15 Mwanaisha: Sabalkheri. Waliolipa: mimi, Shee. Basi.

12:50 Mama Twahir: Nimeona sasa hivi, simu ilikuwa kwa watoto. Tunaenda lini? Na kwa nini Ami amekasirika?

12:58 Mwanaisha: Soma juu, Mama Twahir.

13:40 Shangazi Fatma: Mimi nilikuwa Jeddah na nilituma. Sisemi zaidi.

13:41 Ami Omar: Ulituma nyumba ikishauzwa.

16:22 Nuru: Hamjambo. Nimemsomea Bi Mkubwa yote, hata ya punda. Amesema niandike kama alivyosema mwenyewe, nisitengeneze:

16:23 Nuru: "Omar mumwate. Chokaa ilitakikana na miye sikuwa na senti, nalimwambia mwenyewe auze. Fatma hakuambiwa kwa kuwa sikutaka alie huko ugenini. Wikio lile nalilivuka usiku wa harusi yangu, mguu haukugusa ndia. Nikiya Amu sitolala humo. Ntalala kwa ndugu yangu Langoni. Lakini asubuhi moya munipeleke nikae ndani yake, nitizame watu wapitao, kisha munishushe. Na asinilipie mtu."

16:23 Nuru: Sasa amelala.

18:05 Shangazi Fatma: Nshatuma 9,500.

18:06 Mwanaisha: Imefika. Ahsante Shangazi.

18:30 Shee Fundi: Ngazi za pale vidato vyake ni virefu, Bi Mkubwa hazipandi. Kiti na vijana wawili wenye nguvu. Twahir na Kassim.

18:31 Twahir: Mie sawa

18:40 Mwanaisha: Msimamizi wa nyumba nimemuomba mpaka Jumamosi adhuhuri. Amekubali kwa shingo upande. Tumebaki nyumba 5. Ami, wewe unakuja?

20:12 Ami Omar: Boti ya mwisho kutoka Mokowe ni saa ngapi siku hizi? Basi likichelewa Witu tutalala gatini.

20:13 Mwanaisha: Hiyo ni ndio?

IJUMAA

09:04 Ami Omar: Juma Karim 🌹

11:17 Mama Twahir: Sisi tutalipa mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia. Shikeni nafasi yetu.

11:18 Mwanaisha: Mama Twahir adhuhuri ya kesho si mwisho wa mwezi 🙄

14:51 Mwanaisha: Kassim, nimepata 7,125 kutoka kwako. Hiyo ni ya siku 3. Nyumba haikodishwi vipande vipande. Unaondoka mapema ama?

14:53 Mwanaisha: Kassim

15:30 Mwanaisha: Kassim nakuona uko hewani.