Wauza rangi wa Lubumbashi, acheni kutuuzia satine, rangi ya kung'aa kiasi, mkiiita rangi ya sinema!

Wadau wa L'shi, na nyie wa Likasi na Kolwezi mnaokuja kununua vifaa huku, someni hii kabla hamjatoa hela.

Nilikwenda kununua rangi ya ukuta wa projekta. Niliandika kwenye karatasi ili pasiwe na mchezo: nyeupe, ya maji, ya ndani, mati, isiyong'aa hata kidogo. Muuzaji akaisoma, akaingia stoo, akarudi na ndoo iliyokwisha kufunguliwa, haina kibandiko. "Papa, hii ndiyo rangi ya sinema. Wenye projekta wote wanachukua hii." Bei karibu mara mbili ya ndoo ya kawaida. Namuuliza chapa gani, ananijibu imepimwa kutoka kwenye pipa kubwa. Fundi niliyekuwa naye akaunga mkono: "Ni nzuri hiyo, Papa, itang'aa." Nikamwambia kung'aa ndiko nisikokutaka. Wote wawili wakaniapia kwamba inang'aa kwa sababu ni mbichi, ikikauka itatulia. Na kweli kila rangi mbichi inang'aa, hapo ndipo wanapokushika.

Ilikauka, haikutulia. Ni satine tupu.

Usiku tukawasha projekta, Mazembe wako uwanjani. Katikati ya ukuta kuna waa la mwanga, tena waa lenyewe linahama: ukisogea kushoto nalo linasogea, ukikaa chini nalo linashuka. Ile jezi ya mistari myeusi na myeupe ndiyo ilinimaliza. Mchezaji akipita kwenye waa, mistari myeupe inawaka mpaka namba haisomeki, na ile myeusi inakuwa kijivu. Akitoka pembeni, jezi nzima inafifia. Mama watoto amekaa kiti cha pembeni analalamika picha ina giza, mimi niliye katikati macho yananiuma. Ukuta ni mmoja na mpira ni mmoja!

Sababu yake inajulikana na kila mtu anayejiita muuza rangi. Rangi ya mati huutawanya mwanga pande zote, kwa hiyo aliye katikati na aliye pembeni wanaona karibu sawa. Satine inatupa sehemu ya mwanga upande mmoja, na aliyekaa kwenye njia ya mwanga huo anaona taa ya projekta badala ya picha. Rangi ya mafuta inayong'aa kabisa ni mbaya zaidi. Watengeneza skrini wana kipimo chao, gaini: 1 ni sehemu nyeupe inayotawanya mwanga sawasawa bila kung'aa. Rangi nzuri ya mati inakaribia hapo, na hapo panatosha.

Halafu kuna uongo mwingine, kwamba mng'ao "unaongeza nguvu ya projekta". Unaongeza mwanga sehemu moja kwa kuunyima sehemu nyingine, basi. Na nani kasema tuna upungufu wa mwanga? Pigeni hesabu wenyewe. Picha ya inchi 100, kona hadi kona, ina upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25, yaani mita za mraba 2.75 hivi. Chukua projekta ndogo yenye lumeni 500 za kweli (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye mashine), zile za kipimo cha ANSI au ISO, siyo zile elfu tisa zilizochapwa kwenye boksi. Gawanya kwa 2.75, kisha gawanya kwa 3.14, maana mati inautawanya mwanga pande zote: unapata kandela 58 kwa mita ya mraba, yaani kipimo cha mwanga unaofika machoni kutoka kwenye picha. Ukuta ukimeza sehemu moja ya kumi unabaki na 52. Kiwango cha ukumbi wa sinema ya kidijitali, kile kilichowekwa na studio za Hollywood, ni kandela 48. Kwa hiyo hata mashine ndogo kama hiyo, chumba kikiwa na giza na pazia zikiwa nzito, inafika kiwango cha sinema kwenye mati ya kawaida. Hiyo satine ya bei mara mbili inatusaidia nini?

Sisemi satine ni rangi mbaya. Korido, jiko, chumba cha watoto, ipakeni, maana vumbi jekundu la kiangazi chetu linahitaji ukuta wa kufutika. Mati haipendi kufutwa: ukiisugua kwa kitambaa, pale uliposugua panabaki na alama inayong'aa. Ukuta wa projekta unapanguswa kwa brashi laini kavu, na watoto hawauegemei. Muuzaji angenieleza hivyo ningemheshimu. Yeye kanyamaza, kachukua hela.

Wapo pia wanaowauzia watu kijivu, wakisema kila projekta inahitaji kijivu. Hapana. Projekta haiwezi kurusha nyeusi. Nyeusi yako ni ukuta wenyewe pamoja na mwanga wowote uliomo chumbani. Kama sebule yako ina madirisha makubwa na huwezi kuyaziba, kijivu hafifu kitasaidia nyeusi ionekane nyeusi, ila kitakula na nyeupe pia, hivyo uwe na mashine yenye nguvu. Tena kiwe kijivu kisichoegemea rangi yoyote. Hiki wanachokoroga kwa kijiti kwenye ndoo, tone la nyeusi hapa na tone pale, mara nyingi kinatoka na ubuluu ndani yake, na sura za watu zinakuwa kama za wagonjwa. Krimu nayo, wanayoiita nyeupe ya joto, inatia umanjano kwenye picha nzima.

Na nyie mafundi, msijifiche nyuma ya muuzaji. Nukta moja ya picha ya Full HD kwenye ukuta wa inchi 100 ina upana wa milimita 1.15 tu. Rola yenye manyoya marefu inaacha vipele vikubwa kuliko hapo! Nilimwambia fundi apake mastiki ya kusawazisha ukuta, apige msasa mpaka mkono upite bila kukwama, afute vumbi, apake rangi ya chini, kisha rola ya manyoya mafupi. Mastiki alipaka, msasa akaupitisha juu juu, rola ikawa ileile aliyotoka nayo kwenye ukuta wa uzio. Weka tochi ya simu ubavuni mwa ukuta uone mawimbi.

Nimerudi dukani. Jibu: rangi ikishapakwa hairudishwi, nunua nyingine upake juu. Ukipaka rangi ya maji juu ya satine bila kuipiga msasa kwanza haishiki vizuri, itakuja kubanduka. Kwa hiyo ni msasa upya, rangi ya chini upya, fundi upya, vyote kwa mfuko wangu, wakati kosa liko kwenye ndoo yao. Nataka hela yangu. Nimewaachia ile karatasi niliyoandika neno mati, na nakala ninayo.

Wadau, msikubali ndoo isiyo na kibandiko, hata aape kwa mama yake. Dai ifunguliwe mbele yako. Omba upakiwe kipande cha ubao, kikauke mpaka kesho yake, kisha ukiinamishe ubavu na kukimulika kwa tochi: ukiona taa inajichora juu yake, hiyo si mati, ondoka. Muuzaji akikataa kukupakia kipande, umeshapata jibu lako.

Aliyepata nyeupe ya mati halisi hapa mjini, ndoo iliyofungwa kiwandani, aweke hapa picha ya kibandiko na bei. Na kama kuna fundi anayejua kazi ya rola fupi na msasa, Kampemba, Katuba, popote, aniandikie leo.