Mrejesho: kahawa ya mibuni sita ya nyumbani imefika kikombeni

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuandaa kahawa bila mashine, ya mibuni sita tu kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mama hapa Marangu, Kilimanjaro. Asanteni sana, nimefanikiwa.

Nilichuma buni nyekundu tupu, zilizoiva, kilo 6, nikazimwaga kwenye ndoo ya maji na kutoa zilizoelea. Kumenya kwa vidole kulichukua jioni nzima, mama akinisaidia. Usiku mmoja wa kuloweka, kama nilivyoshauriwa, haukutosha kwa baridi ya huku. Asubuhi punje bado zilikuwa na utelezi. Nilisubiri saa 36, ndipo nikizisugua kiganjani zikawa zinakwaruza kama changarawe. Nikaziosha maji matatu.

Kuanika ndiko kulikonipa wasiwasi. Siku 14 juu ya mkeka uliolazwa kwenye fito, nageuza kila mara, jua likiwa kali nafunika, jioni naingiza ndani. Nilijua zimekauka nilipong'ata punje ikakataa kubonyea.

Kukoboa ganda lililobaki kwenye punje ni kwa kinu cha mbao, ila twanga taratibu, punje zisivunjike. Kisha ungo. Nimebaki na kilo moja kasoro kidogo, na msishangae, uzito mwingi ulikuwa nyama ya tunda na maji.

Nilikaanga chunguni nikikoroga bila kupumzika mpaka zikaanza kualika.

Miaka yote mama ameuza kahawa yake ikiwa bado na ganda. Hii ndiyo mara ya kwanza kuionja. Alinyamaza kidogo, kisha akasogeza kikombe nimwongezee.