Akiba ya NSSF: kuichukua ukiwa na miaka 50 au kuingoja 60?

Mwanzilishi wa mjadala, Changamwe

Ijumaa iliyopita, barazani Mji wa Kale, jamaa yetu aliyehamia Marekani zamani, na ambaye amekuja likizo, alituambia kwamba anayeanza kuchukua malipo ya uzeeni mapema anajipunja mwenyewe. Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini alimjibu kwamba pesa usiyoishika mkononi si yako. Kahawa ilikwisha na ubishi ukabaki, na kwa kuwa mimi mwenyewe, niliyesajiliwa NSSF, Hazina ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi hapa Kenya, natimiza miaka 50 mwaka huu, naomba tuuendeleze hapa kwa utulivu zaidi.

Nianze na hesabu ya jamaa yetu, kwa sababu huko aliko ni sahihi. Nchini Marekani, mtu aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye hustahili malipo kamili akianza kuyapokea akiwa na miaka 67. Anaweza kuanza akiwa na 62, lakini malipo hayo hupunguzwa asilimia 30, na upungufu huo haurudishwi atakapofika 67. Akivuka 67 bila kuchukua, huongezewa asilimia 8 kwa kila mwaka anaongoja, hadi 70. Kwa hiyo aliyestahili dola 1,000 kwa mwezi atapata 700 akiwahi kabisa, au 1,240 akisubiri hadi mwisho. Nimepiga hesabu nikaona kwamba aliyesubiri hadi 70 humpita aliyeanza na 62, kwa jumla ya fedha zilizopokewa, pale tu wote wawili wanapopindukia miaka 80. Kusubiri kwao ni kama kukata bima dhidi ya uzee mrefu, kwa sababu malipo yenyewe hayakomi mpaka mtu afe.

Sisi tuliosajiliwa NSSF hatuna kitu cha namna hiyo. Tulicho nacho ni chungu cha akiba: tulichokatwa, alichoongeza mwajiri, na faida ambayo Hazina hutangaza kila mwaka. Umri wa kustaafu ni 60, ila aliyetimiza 50 na kuacha kazi anaruhusiwa kukichukua. Hakuna anayekatwa asilimia 30 kwa kuwahi, wala anayezawadiwa asilimia 8 kwa kuchelewa. Kwa sababu hiyo naona tunabishania umri kabla ya kubishania jambo kubwa zaidi, yaani kama fedha hizo zitolewe zote kwa mkupuo au kidogo kidogo kila mwezi. Maoni yangu ni kwamba mlango wa miaka 50 usifungwe, kwa kuwa wapo ambao migongo yao haiwezi tena kubeba gunia wala kupanda ngazi ya meli, lakini kila anayeupita alipwe kwa mwezi. Najua wengi hamtakubali, na ndiyo sababu nimeleta hoja hii hapa.

Mchangiaji, Likoni

Bwana mwanzilishi, mimi ni mmoja wa hao wasiokubali. Niliachishwa kazi ya hoteli nikiwa na miaka 51, msimu ulipokuwa mbaya, na hadi leo akiba yangu sijaigusa, kwa hivyo usidhani kwamba nazungumza kwa tamaa.

Kwa miaka mingi tulikuwa tukikatwa shilingi 200 kwa mwezi, naye mwajiri anaongeza 200. Hizo ni shilingi 4,800 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Nigawie hizo kwa miezi yote ninayotarajia kuishi, kisha uniambie kama zitanitosha hata nauli ya tuktuk kutoka feri hadi nyumbani. Fedha ndogo ikikatwakatwa haimsaidii mtu, lakini ikitolewa pamoja inaweza kununua cherehani, jokofu la kuuzia samaki au mabati ya chumba kimoja cha kupangisha.

Kuna na jambo ambalo wanaohubiri subira hawalitaji. Nilipoomba taarifa ya akaunti yangu nilikuta miezi kadhaa haimo, ijapokuwa hati zangu za mshahara zinaonyesha wazi kwamba nilikatwa. Mwajiri huyo biashara yake imekwisha na sijui nimdai wapi. Anayeniambia nisubiri miaka tisa anieleze kwanza ni nani atakayenilindia hesabu hiyo muda wote huo.

Mwalimu mstaafu, Tudor

Ndugu zangu, msisahau kwamba hapa Mombasa wapo pia watumishi wa umma, ambao hesabu yao inafanana na ya Marekani kuliko mnavyodhani. Katika utaratibu wa zamani wa pensheni, ambao haukutukata kitu, unachukua mshahara wako wa mwisho wa mwaka, unauzidisha kwa idadi ya miezi uliyotumikia, kisha unagawanya kwa 480, upate pensheni ya mwaka. Robo ya pensheni hiyo unaweza kuibadilisha kuwa kiinua mgongo, kwa kuizidisha mara 20, na robo tatu zilizobaki unalipwa kila mwezi maisha yako yote.

Tumchukue mwalimu aliyeajiriwa akiwa na miaka 25, na mshahara wake ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Akistaafu mapema akiwa na 50, ametumikia miezi 300: kiinua mgongo chake ni shilingi 1,875,000, na kila mwezi atapata takribani 23,437. Akiendelea hadi 60 kwa mshahara uleule, kiinua mgongo ni 2,625,000 na kila mwezi 32,812. Aliyewahi atakuwa amepokea pensheni ya miaka kumi kabla mwenzake hajaanza, na kwa hesabu yangu aliyechelewa hamfikii mpaka watakapokuwa na miaka 78 na miezi minne. Mimi nilitoka nikiwa na 50, na sijajuta hata siku moja.

Mchangiaji, Majengo

Shikamoo Mwalimu. Hesabu yako naiheshimu, ila umesahau mshahara. Yule aliyebaki darasani miaka hiyo kumi hakukaa bure: alikuwa akipokea shilingi 50,000 wakati mwenzake akipokea 23,437, na hapo sijataja kupandishwa cheo, ambako kungeinua mshahara wa mwisho na pensheni pamoja nao. Hesabu ya miaka 78 ingekuwa kweli kama aliyestaafu mapema angepata mahali pengine kazi ya mshahara kama ule, na sidhani kwamba wengi hupata.

Nina neno lingine, ambalo barazani huwa halikosekani. Wapo ndugu Waislamu wanaotaka kuchukua akiba mapema kwa sababu wanaitilia shaka ile faida ya kila mwaka, wakiona inakaribia riba. Mimi si mwanachuoni na sitatoa hukumu hapa. Ninachosema ni kwamba mwenye shaka hiyo haisuluhishi kwa hesabu za umri. Amwendee sheikh anayemwamini akiwa na taarifa yake mkononi, aonyeshe kipi alikatwa, kipi kiliongezwa na mwajiri na kipi ni faida.

Mwanzilishi wa mjadala, Changamwe

Nawashukuru nyote, na nianze na Mwalimu, kwa heshima. Mfano wako umenifumbua macho kuhusu jambo ambalo jamaa yetu wa Marekani hakulisema. Kule mtu anaweza kuacha kazi akiwa na 62 na kuyaacha malipo yake mpaka 70, kwa sababu kuacha kazi na kuanza kulipwa ni maamuzi mawili. Kwa mwalimu wa hapa ni uamuzi mmoja: hapokei pensheni mpaka atoke, na akitoka mshahara umekatika. Kwa hiyo asijiulize tu ataishi miaka mingapi, bali ajiulize pia kama ana kazi nyingine inayomngoja. Niongeze kwamba utaratibu wako unaelekea kwisha. Tangu Januari 2021, watumishi wa umma waliokuwa chini ya miaka 45 walihamishiwa mpango mpya ambamo mtumishi hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara, baada ya kuanza na asilimia 2 kisha 5, na Serikali huongeza asilimia 15. Nao sasa wana chungu kama sisi, na swali la mkupuo au mwezi litawafikia.

Wewe wa Likoni umenitikisa, na ni lazima nirekebishe msimamo wangu. Chungu cha shilingi 200 kwa mwezi hakigawanyiki, na kumlazimisha mtu kukipokea kwa vipande ni kumfanyia mzaha. Lakini tusimalizie mjadala kwenye zile 200, kwa sababu hazipo tena. Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 ilikaa kortini miaka mingi, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoifungulia njia tarehe 3 Februari 2023, na tangu hapo mchango ni asilimia 6 kwa mfanyakazi na 6 kwa mwajiri, huku kikomo cha mshahara unaokatwa kikipandishwa mwaka baada ya mwaka. Anayelipwa shilingi 30,000 alianza kwa kuwekewa 2,160 kwa mwezi, zikijumlishwa za pande mbili, na tangu Februari 2024 anawekewa 3,600. Hiyo ni mara tisa ya zile 400 za zamani. Mtu wa umri wangu akitoka leo anaondoka mara tu mvua imeanza kunyesha. Kwa aliye kazini bado, hiyo ndiyo sababu ya kungoja, wala si faida ya kila mwaka. Na kwa aliyekwisha kupoteza kazi, kama wewe, sababu hiyo haipo, kwa kuwa hakuna anayemchangia.

Kwa hiyo pendekezo langu nalipunguza hivi: sheria iweke kiwango, na akiba iliyo chini ya kiwango hicho itolewe yote kwa aliyetimiza 50 asiye na kazi, ila iliyo juu yake ilipwe kwa mwezi. Nalisisitiza hilo kwa kuwa nimemwona jirani aliyenunua matatu kwa fedha zake zote akiwa na 54, na gari halikumaliza miaka mitatu barabarani. Baada ya hapo hakuna kinachomngoja mpaka afike 70, umri wa kuandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwasaidia wazee, ambako atapata shilingi 2,000 kwa mwezi ikiwa jina lake litaingia. Miaka kumi na mitatu bila chochote ni mingi mno kwa mtu ambaye hana mtoto wa kumtegemea.

Mchangiaji, Likoni

Kiwango hicho nakikubali, bora kisiwekwe na watu ambao hawajawahi kukatwa shilingi 200. Kuhusu yangu mimi, nimeamua hivi baada ya kuwasoma. Jumatatu naenda ofisini na hati zangu zote za mshahara kudai ile miezi iliyopotea, kwa sababu ninavyoona, nikichukua kilichopo kabla ya hapo nitakuwa nimejifungia mlango wa kudai. Wakiiingiza, nitachukua yote kabla ya mfungo na kumnunulia mke wangu jokofu. Wasipoiingiza, nitarudi hapa kuwauliza mnajua wakili gani asiyetoza zaidi ya ninachodai.